Fundi Ajuaye Kukataa

Katika ufundi wa kuunda kompyuta ya gemu, mikono ina kazi ndogo. Kufunga skrubu, kuchomeka kebo, kubana kipoza juu ya prosesa: mtu mwenye subira hujifunza hayo kwa siku chache. Kazi yenyewe hufanyika kabla, kwenye karatasi na kwenye simu, fundi anapoamua kipuri gani kiingie na kipi kibaki dukani. Hapo ndipo mafundi wanapoachana. Na ninaowaheshimu kuliko wote ni wale wanaojua kukataa, wanaoweza kumtazama mteja mwenye fedha mkononi wakamwambia hii usinunue, ijapokuwa faida ingekuwa yao.

Sifa hiyo huonekana vizuri mahali ambapo kosa ni ghali. Maramba ni mahali pa namna hiyo. Ni mji mdogo wa Wilaya ya Mkinga, mkoani Tanga, chini ya Milima ya Usambara Mashariki; mji wa nazi na machungwa, na kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) ambayo vijana waliopita hapo wameitangaza nchi nzima. Ukitaka Tanga mjini unashuka hadi Mabokweni, au unazungukia Muheza. Mafundi simu wapo. Vibanda vya gemu vipo, watoto wanalipia dakika za PlayStation. Duka la kadi za grafiki hakuna. Kila kipuri cha maana kina safari yake: kinatoka Kariakoo kikiwa ndani ya boksi la maji ya kunywa, kimekabidhiwa kondakta wa basi, au kinapitia Horohoro kutoka Mombasa, au kinaletwa na ndugu aliyekuja likizo kutoka Dubai au Maskati. Kikija kibovu, kukirudisha ni nauli, ni siku iliyopotea, ni simu zisizopokelewa. Fundi wa Dar es Salaam anaweza kubahatisha. Kipuri kisipokubali, anavuka mtaa na kuchukua kingine. Wa Maramba hana mtaa wa kuvuka. Lazima apatie safari ya kwanza.

Uhuru wenyewe wa kuchagua kipuri kimoja kimoja haukuwapo siku zote. Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na raia wa kawaida hakuwa na lolote la kununua kwa ajili yake wala kwa ajili ya nyingine. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni. Huko Marekani, IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi mwezi Agosti 1981, iliijenga kwa vipuri vya makampuni mengine na ikachapisha michoro yake waziwazi, na haukupita muda wengine wakaunda mashine za kufanana nayo. Kisha mwaka 1995 Intel ikatoa kipimo kiitwacho ATX: matundu ya skrubu yakae wapi, mazabodi iwe na upana gani, pawasaplai ibanwe kona ipi. Kipimo hicho bado kinafuatwa. Kasha la ATX lililotupwa na ofisi miaka ishirini iliyopita linaweza kupokea mazabodi iliyotoka kiwandani mwaka huu, na matundu yakalingana. Fundi anapomwambia mteja kwamba kasha lake kuukuu linatosha, fedha ziende kwingine, anaegemea makubaliano hayo ya 1995. Nikilifikiria jambo hili hunifurahisha sana. Watu wasiojuana walikubaliana matundu yakae wapi, na kijana wa Mkinga ambaye hakuwa amezaliwa akapata urithi.

Kwa gemu za kioo cha kawaida, uteuzi ni mwepesi kiasi. Uhalisia pepe, gemu za kuvaa miwani, ndio unaomtoa fundi jasho.

Miwani ya Oculus Rift iliyoingia sokoni Machi 2016 ilikuwa na vioo viwili vyenye jumla ya pikseli 2160 kwa 1200, na picha ilipaswa kubadilishwa mara 90 kila sekunde. Gawanya sekunde moja kwa 90: kompyuta inapewa milisekunde 11 na chembe kuuliza kichwa cha mvaaji kimeelekea wapi, kuchora dunia kwa jicho la kushoto, kuichora tena kwa jicho la kulia, na kuikabidhi. Kisha inaanza upya. Miwani zilizofuata ziliongeza mzigo. Quest 2, ya mwaka 2020, ambayo ndiyo inayopatikana kwa bei ya mtumba siku hizi, ina pikseli 1832 kwa 1920 kwa kila jicho. Macho mawili yanataka pikseli milioni 7, wakati kioo cha kawaida cha kompyuta kinataka milioni 2. Ukizidisha kwa mara 90 za miwani na mara 60 za kioo, unaona kwamba miwani inaomba kazi takriban mara 5.

Lakini ukubwa wa kazi si jambo gumu kuliko yote. Gumu ni kwamba picha haina ruhusa ya kuchelewa. Kwenye kioo cha mezani, fremu ikichelewa gemu linakwamakwama, mchezaji anasonya, basi. Ndani ya miwani ni mwili unaolalamika. Umegeuza kichwa, sikio la ndani limeshatoa taarifa kwamba umegeuka, jicho linasema bado. Ubongo hauvumilii ushahidi wa namna hiyo. Waliovuka kwenda Pemba bahari ikiwa imechafuka wanakijua kizunguzungu hicho na kichefuchefu chake. Chanzo ni kilekile, jicho na sikio kutokubaliana. Ndiyo maana fundi wa kweli hapendezwi na mtu anayejisifia wastani. Kompyuta yenye wastani wa fremu 110 inayoanguka hadi 50 kila adui anapotokea ni mbaya kuliko ile inayokaa 90 bila kutetereka. Swali lake ni fremu iliyochelewa kuliko zote imechelewa kwa kiasi gani. Ipo programu ya kuokoa jahazi, iliyoletwa na Oculus mwaka huohuo wa 2016, inayoiruhusu kompyuta kuchora fremu 45 na kuzibuni 45 nyingine katikati. Inasaidia. Ila kingo za mikono huanza kutetemeka kama zinaonekana kupitia mvuke, na mteja aliyelipa fedha yake atauliza kwa nini.

Kwa hiyo mteja anapokaa kwenye benchi na kusema, "Fundi, mimi nataka kadi kubwa kuliko zote," jibu linalofaa nimelisikia likitolewa kwa upole kabisa: "Mdogo wangu, kwa hela hiyo kadi utaipata. Kompyuta ya kuiwekea hutaipata." Kadi ya grafiki ndiyo kipuri cha bei kubwa na ndiyo inayobeba mzigo wa miwani, kwa hiyo kila mtu anaanza nayo, na ni sawa. Kosa ni kuanza nayo bila kujua chini yake ni wapi. Chini yake inajulikana. Half-Life: Alyx, gemu la Valve la mwaka 2020 ambalo hadi leo watu hulitumia kupima kama mashine inaweza uhalisia pepe, lilitaka kwa uchache kadi ya daraja la GTX 1060 au RX 580 yenye kumbukumbu ya GB 6, na RAM ya GB 12. Hiyo ndiyo sakafu. Kutoka hapo fundi anapanda kwa kadiri ya mfuko: GTX 1660 Super inayokula wati 125, RX 6600 inayokula 132, RTX 3060 yenye kumbukumbu ya GB 12 inayokula 170. Wati anazitazama kwa jicho kali kuliko wanavyozitazama vijana wa mtandaoni, na sababu tutaifikia.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Quest haipokei picha ghafi kama kioo kinavyopokea. Kompyuta huibana picha kuwa video, inaisukuma kupitia kebo ya USB au hewani kupitia waya-fai, na miwani huifungua. Kazi ya kubana hufanywa na kipande maalumu ndani ya kadi. Hivyo kadi mbili zinazokimbia sawa kwenye kioo zinaweza kuachana zikifika kwenye miwani, na fundi asiyelijua hilo atamuuzia mtu GTX 1650 ya kwanza, yenye kipande cha kubana cha kizazi cha nyuma, akadhani amemwokolea fedha.

Kadi mpya ni chache katika habari hizi. Nyingi ni za mtumba, na hapa ndipo jicho la fundi linapolipwa. Tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa Ethereum uliacha utaratibu wa kuchimba sarafu kwa kadi za grafiki, na kadi zilizokuwa zimefanya kazi usiku na mchana zikamwagwa sokoni dunia nzima. Baadhi ni nzima kabisa. Baadhi hazina hata tundu la kuchomeka kioo, kwa sababu zilitengenezwa kwa ajili ya uchimbaji tu. P106-100 ni mojawapo, ina chipu ya GTX 1060 na haina mlango wa picha. Na ziko za uongo mtupu: chipu ya zamani iliyoandikwa upya ili ijitaje kwa jina kubwa. Hizo za uongo zina alama moja isiyokosea mara nyingi. Familia ya GTX 10 iliacha kutoa mawimbi ya VGA, kwa hiyo anayekuonyesha GTX 1060 yenye tundu la buluu la VGA mshukuru, umwage. Programu ndogo ya bure, GPU-Z, nayo huwataja wadanganyifu wengi kwa kuandika kwamba kadi ni feki.

Mtazame fundi akiipokea kadi ya mtumba kutoka kwenye boksi lake. Haichomeki. Kwanza anaigeuza na kuangalia skrubu nne zinazobana kipoza. Vichwa vikiwa vimeliwa, kuna mtu alishafungua. Anamulika kwa tochi ya simu kati ya mapezi ya alumini, akitafuta vumbi lililogandamana na mafuta, dalili ya jiko au ya sigara. Anasukuma feni kwa ncha ya kidole na kusikiliza; feni nzima inazunguka kimya na kusimama taratibu, iliyochoka inakwaruza na kuyumba. Anatafuta unyevu wa mafuta pembeni mwa chipu za kumbukumbu, pale vipande laini vya kupitisha joto vinapotokwa jasho baada ya kupikwa miezi mingi. Halafu kibati cha nyuma, kile chenye matundu ya kebo. Kibati hiki kinasema mengi hapa Pwani. Kikiwa na madoa ya kutu ya rangi ya chungwa, kadi hiyo iliwahi kukaa karibu na bahari, dirisha wazi, na chumvi iliyokigusa kibati imegusa na vingine visivyoonekana. Baada ya hayo yote ndipo anaposafisha meno ya dhahabu kwa kifutio cheupe cha shuleni na spiriti, anaichomeka, na kuiacha ikichora picha nzito kwa nusu saa huku mkono wake ukiwa karibu na swichi. Muuzaji anayekataa nusu saa hiyo ameshajibu.

Sasa niseme juu ya wati, kwa sababu kwangu mimi ndiko moyo wa ufundi huu uliko. Fundi wa Maramba huanza bajeti kwenye kipuri ambacho hakuna anayekipiga picha: pawasaplai. Umeme wetu kwenye karatasi ni volti 230. Jioni, kila nyumba ikiwa imewasha taa, friji na televisheni, na mashine za kusaga zikiwa bado kazini, unaweza kuona taa zikififia na feni zikipunguza mwendo. Kisha unakatika, na ukirudi unarudi kwa kishindo. Pawasaplai ndiyo inayosimama mlangoni kupokea hayo yote kabla hayajafika kwenye kadi ya laki kadhaa.

Ubavuni mwake kuna karatasi iliyobandikwa, na kuisoma ni elimu. Juu imeandikwa kwa herufi kubwa 500W. Usisome hapo. Shuka kwenye jedwali, tafuta safu ya volti 12, kwa sababu prosesa na kadi hula hapo. Ukikuta ampea 18, zidisha: 12 mara 18 ni wati 216. Hizo ndizo wati za kweli, nyingine ni mapambo. Pawasaplai ya haki ya wati 550 itakuonyesha ampea 45 hivi, yaani wati 540. Kisha tazama umeme unaoingia. Ikiandikwa 200 hadi 240, umeme mdogo wa jioni utaizima. Ikiandikwa 100 hadi 240, itastahimili mporomoko ambao ungeiangusha ile ya kwanza. Na ukiinyanyua mkononi iwe nzito, maana shaba na alumini vina uzito, na bati tupu halina. Nimemwona fundi akikataa pawasaplai mpya ndani ya kifuko chake kwa sababu tu ilikuwa nyepesi. Muuzaji alicheka. Fundi hakucheka, akairudisha kaunta.

Baada ya pawasaplai inafuata UPS, betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika, na hapo pia wati za kadi zinarudi kudai haki yao. UPS ndogo ya VA 650 kwa kawaida haifiki wati 400. Kompyuta yenye RTX 3060 na prosesa ya wati 65 inaweza kukaa ndani ya kiwango hicho, ikakupa dakika chache za kuhifadhi gemu, kuvua miwani na kuzima kwa utaratibu. Weka kadi ya wati 300 na UPS itapiga kelele mara moja na kuzima kila kitu, mvaaji akiwa kizani katikati ya sebule, hajui meza iko wapi. Kuna na LUKU, umeme wa kulipia kabla. Kompyuta inayokula wati 300 kwa saa tatu kila siku itakula uniti 27 kwa mwezi. Nyumba iliyo kwenye daraja la watumiaji wadogo, lenye ukomo wa uniti 75, imetoa zaidi ya theluthi moja kwa mtoto mmoja mwenye miwani, na ikivuka ukomo bei ya uniti inapanda. Fundi anayelitaja hilo mbele ya mzazi kabla ya kuuza chochote, huyo ni mtu wa kumshika.

Prosesa na RAM naweza kuzipitia kwa haraka, maana huko maamuzi yamekuwa rahisi. Kori sita zinatosha. Ryzen 5 5600 inatosha na ziada, haitoi joto kubwa, na inakaa kwenye soketi ya AM4, ile iliyopokea Ryzen za kwanza mwaka 2017 na bado ikapokea mpya mwaka 2022. Hivyo mazabodi ya mtumba ya miaka iliyopita inaweza kuifaa ikishasasishwa. RAM iwe GB 16, vijiti viwili vya GB 8 kuliko kimoja cha GB 16, kwa sababu viwili hufungua njia mbili za kupitisha data na fremu zilizochelewa hupungua. Diski iwe SSD. Hapo sina la kuongeza.

Nina la kuongeza juu ya mashine za ofisi. Kariakoo na Tanga mjini zimejaa Dell OptiPlex na HP EliteDesk zilizostaafu Ulaya, imara, za bei nzuri, nyingine zina i5-8500 yenye kori sita. Kishawishi ni kikubwa: nunua moja, tumbukiza kadi, umemaliza. Wapo waliofanya hivyo na wanacheza kwa furaha. Lakini fundi huuliza maswali mawili kabla. Kasha ni lile refu au lile jembamba? Jembamba halimezi kadi ya urefu kamili. Na pawasaplai yake ina mikono gani? Mashine hizi hufuata vipimo vyao wenyewe. Plagi za mazabodi si zile za ATX, pawasaplai ina wati 200 na kitu, na mara nyingi haina kebo ya pini sita wala nane ya kulishia kadi. Tundu la kadi kwenye mazabodi hutoa wati 75 tu. Kadi ya wati 125 inataka 50 zilizobaki zitoke mahali, na mahali hapo hapapo. Zipo kebo za kubadilisha plagi, na fundi mzuri anazo kwenye droo. Atazitumia pale anapojua hesabu inakubali, atazikataa pale ambapo mteja anataka kuchuna umeme wa kadi kutoka kwenye plagi ya diski. Plagi hizo zinayeyuka. Harufu yake haitoki chumbani wiki nzima.

Ninaipenda OptiPlex hata hivyo, na ningependa watu waipende kwa haki. Kwa kijana anayeanza, anayetaka gemu za kioo na kujifunza kutengeneza michoro ya pande tatu, ni mwanzo mwema kuliko mashine ya taa za rangirangi yenye pawasaplai ya bati.

Joto na vumbi vinabaki. Vijana wa nchi za baridi hushindana nani atapoza zaidi. Huku tunaanzia nyuzi 30 na zaidi kabla mashine haijawashwa, hewa ikiwa na unyevu, na kiangazi barabara inarusha vumbi jekundu linaloingia hata kabatini. Fundi hupanga feni mbili za kuingiza hewa mbele na moja ya kutoa nyuma, ili ndani ya kasha hewa iwe inasukuma kutoka kwenye mianya badala ya kunyonya vumbi kupitia mianya hiyo. Mbele ya feni za kuingiza anabana kipande cha chandarua chenye tundu dogo, kinachotolewa na kukung'utwa. Kasha la kioo mbele, zuri la kuringia, analikataa; anataka lenye uso wa matundu. Na nafasi zote tupu za nyuma anaziziba kwa vibati. Mafundi wa Ulaya huziacha wazi bila kujali. Hawajawahi kufungua kasha na kumkuta mjusi amekauka juu ya mazabodi, miguu miwili kwenye njia mbili za umeme ambazo hazikupaswa kukutana.

Kuna na suala la gemu lenyewe kufika. Half-Life: Alyx inazidi GB 60. Kwa bando la simu hiyo ni fedha ya kununua kipuri. Kwa hiyo fundi anayefikiri mbali anahakikisha mazabodi ina milango ya USB ya kasi, na ana diski ya nje inayosafiri: inashuka Tanga mjini kwa mtu mwenye intaneti ya mwezi, inarudi na gemu ambalo mteja amelinunua kwa akaunti yake, linanakiliwa usiku mmoja na kumaliziwa na MB chache za uhakiki. Uteuzi wa milango ya USB haumvutii yeyote kwenye matangazo. Kwa mtu wa Maramba, mlango mmoja wa kasi una thamani kuliko taa zote za kwenye feni.

Mashine hizi hazinunuliwi kwa ajili ya kucheza peke yake. Mwaka 2015 Wakenya walitoa Nairobi X, gemu la kufyatua risasi lililochorwa Nairobi ya kwao, na jijini humo wapo BlackRhino VR wanaotengeneza kazi za uhalisia pepe kwa riziki. Kadi ileile inayochora gemu la mtu mwingine huchora na la kwako. Mapango ya Amboni yako upande wetu, msitu wa Amani uko juu yetu. Kijana mwenye kompyuta iliyochaguliwa kwa akili anaweza kuvichora vikaingilika na mtu aliye Mwanza au Maskati. Kwa ajili ya kijana huyo fundi huacha nafasi: matundu mawili ya RAM matupu, wati mia za akiba kwenye pawasaplai, soketi inayoweza kupokea prosesa kubwa zaidi fedha zikipatikana. Kuacha nafasi kunagharimu kidogo leo na kunaokoa mashine nzima kesho, na ni vigumu kumwonyesha mteja nafasi tupu akaiona kuwa ni kitu alicholipia.

Mwalimu mmoja wa sekondari alimfuata fundi akiwa na orodha aliyoitoa mtandaoni, imepigwa chapa vizuri: kadi, prosesa, kila kitu. Alitaka wanafunzi wa jiografia waingie ndani ya volkano na wapande juu ya mawingu. Fundi alimwamkia, akamkaribisha kiti, akaisoma orodha hadi mwisho. Kisha akaanza kuuliza. Darasa lina umeme? Wanafunzi wangapi kwa zamu? Watatembea, au watakaa na kutazama? Watakaa na kutazama, Mwalimu akasema, video za kuzunguka pande zote, dakika kumi kumi. Basi kompyuta usinunue, fundi akamwambia. Quest inacheza video hizo yenyewe, haihitaji mashine nyuma yake. Chukua miwani mbili za mtumba kwa sehemu ya fedha hiyo, na betri ya akiba ya kuchajia. Akaichukua kalamu, akakata orodha yote ya Mwalimu kwa mstari mmoja, na chini yake akaandika vitu vitatu: vifuniko vya uso vya mpira vinavyofutika, kwa sababu watoto watapokezana jasho, kitambaa laini cha kufutia lenzi, na mfuko mweusi wa kuhifadhia, kwa sababu jua likipita kwenye lenzi huunguza kioo cha ndani ndani ya dakika chache. Akamrudishia karatasi, akakataa hata hela ya ushauri.